Anayeuliza tiba shufaa hajamzika mgonjwa

Kundi la michango la WhatsApp hufunguliwa usiku uleule majibu ya saratani yanapotoka. Panawekwa picha ya mgonjwa akicheka harusini, namba ya mweka hazina na lengo: nauli ya India ya mgonjwa na msindikizaji, pamoja na gharama za hospitali. Ahadi zinaanza kumiminika. Kisha mmoja, aghalabu rafiki aliyekuwemo chumbani daktari alipozungumza, anaandika: je, tumeshauliza habari za tiba shufaa, ile huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso? Kundi zima linanyamaza. Halafu anajibiwa: "Kaka, mbona unamzika ndugu yetu angali hai?"

Swali hilo nimewahi kuliuliza. Miaka kabla ya hapo, nilikuwa miongoni mwa walioliona la kikatili.

Wanaopigania safari wasibezwe. Kwetu saratani nyingi hugundulika zikiwa zimeshasambaa, baada ya mgonjwa kutibiwa vidonda vya tumbo au kifua kikuu kwa miezi. Familia iliyokwisha kuona madaktari wakikosea ina haki ya kutaka jicho la pili. Tena hatua ya nne, yaani saratani ikishasambaa mwilini, ya aina hii si hatua ya nne ya aina ile. Saratani ya korodani, kwa mfano, huweza kupona hata ikiwa imefika mapafuni. Anayeshauri mgonjwa arudishwe nyumbani kabla kinyama hakijapimwa maabara na aina ya saratani kujulikana anakosea, hata kama ana huruma. Na wapo watakaobaki: binti aliyeuza kiwanja ili mama yake asafiri hulala akijua hakukaa tu akitazama. Hilo nalo lina uzito wake.

Ninayemtetea hapa ni yule anayeuliza baada ya hayo yote kufanyika, wakati mabingwa wameshaangalia majibu na kusema wazi kwamba kuponya haiwezekani tena. Huyo anasomwa vibaya kwa sababu wengi wetu tumeielewa tiba shufaa kuwa ni chumba cha kusubiria kifo.

Tuangalie utafiti mmoja ambao kila nikiusoma hunirudisha kwenye makundi yale ya michango. Mwaka 2010, madaktari wa Massachusetts General Hospital, Boston, walichapisha matokeo ya wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa, wote wakiwa wamegundulika karibuni. Kwa bahati nasibu waligawanywa makundi mawili. La kwanza lilipata matibabu ya kawaida ya saratani. La pili lilipata matibabu hayohayo, na tangu mwanzo likakutanishwa na wataalamu wa tiba shufaa. Kundi la pili lilikuwa na hali bora ya maisha na sonona kidogo. Mwishoni, wachache zaidi kati yao walipewa tiba kali za dakika za lala salama. Hata hivyo waliishi muda mrefu zaidi: kwa wastani wa kati, miezi 11.6 dhidi ya 8.9.

Ni hospitali moja, aina moja ya saratani, na Marekani si Temeke. Tafiti nyingine zilizofuata hazikuonyesha nyongeza ya siku kila mara, ingawa nafuu katika maisha ya mgonjwa imejirudia. Basi tuseme nyongeza ile ya karibu miezi mitatu tunaifuta kabisa. Bado linabaki jambo ambalo kundi la WhatsApp halilioni: hakuna aliyeambiwa achague. Dripu za saratani ziliendelea na tiba shufaa ikaendelea, kwa wiki zilezile. Ugomvi wa "India au nyumbani" tumeutunga sisi.

Na tunaoutunga hatuna habari ya maumivu. Mofini ya kunywa, dawa kali ya kutuliza maumivu, huandaliwa kwa unga na maji, mgonjwa akanywa kila baada ya saa nne. Dozi ya kulalia huongezwa maradufu asiamshwe usiku, na hupewa pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa kuwa mofini hufunga. Si dawa ya mabilionea. Uganda iliruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika tangu 2004, na Dar es Salaam huduma ya tiba shufaa ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Lakini mwaka 2017 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kila mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Sehemu ya pengo hilo ni sheria na ununuzi. Sehemu nyingine imo sebuleni mwetu, pale shangazi anaposema mgonjwa atageuka teja, chupa ikafichwa kabatini.

Hapo ndipo rafiki ana kazi ambayo ndugu wa damu wakati mwingine hawaiwezi. Yeye anaweza kuuliza mambo ambayo mtoto wa mgonjwa haruhusiwi kuyatamka: unaumwa kiasi gani usiku, unamtaka nani karibu, safari hii ni wewe unayeitaka au ni sisi? Anaweza pia kuidai kamati itenge fungu la vitu visivyopigwa picha, yaani teksi ya kliniki, mpira wa kutandika kitandani, na riziki ya mke aliyefunga genge lake ili auguze.

Rafiki yangu hakusafiri. Fedha zilikuwa zimetosha nauli, akakataa mwenyewe, na wajomba zake walininunia kwa kudhani nimemshawishi. Usiku wa tatu baada ya kuanza mofini alilala mpaka jua likachomoza. Aliamka akaomba chai na muhogo wa kuchemsha, kisha akaniambia nimletee faili la shamba na nimwite mwanawe wa kwanza. Walikaa barazani mpaka adhuhuri, baba akimwonyesha kijana kwa kidole kwenye ramani: mpaka unaanzia kwenye mkorosho huu, jirani wa upande huu tunadaiana naye, na huyu usije ukagombana naye.