Hakukuwa na Kiboko

Hakukuwa na kiboko. Naanzia hapo kwa sababu yule rafiki yangu wa miwani ameshatangulia kuwasimulia kwenye grupu, na kufikia jana jioni hadithi ilikuwa na kiboko, mayowe, na mimi nikiparamia mti. Sikuparamia mti wowote. Ukweli ni mbaya zaidi, na afadhali niuseme mwenyewe kabla haujamfikia mama mkwe.

Ile mashua ya tanga tuliyochanga watano mnaijua. Anayejiita nahodha pia mnamjua. Jumapili alfajiri tuling'oa nanga Mbita, kwenye Ziwa Victoria, upepo wa nchi kavu ukitusukuma mgongoni, tukakizunguka kisiwa cha Rusinga, na kwenye saa nne tukawa mbele ya ule mchanga mweupe wa kisiwa cha Takawiri ambao watu wakiona picha huuliza kama ni Diani ya baharini. Mwenyeji wetu, mzee mvuvi aliyestaafu (mvuvi hastaafu, ila yeye husema hivyo), alikuwa ameshabandika sufuria mafigani.

Ufukweni kulikuwa na akina mama wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu, na watoto kama kumi. Watazamaji, yaani. Mnajua nikishaona watazamaji.

Nikasimama omo, yaani mbele kabisa ya mashua, nikainua nanga kwa mikono miwili juu ya kichwa, nikaitupa. Chubwi! Kamba ikaifuata. Ikakimbia, nami nikaitazama kwa fahari. Ikaendelea kukimbia. Halafu nikaiona ncha yake, ile niliyoichoma kwa kiberiti mimi mwenyewe isifumuke, ikipita kando ya kidole gumba cha mguu wangu, ikavuka ukingo na kuingia majini taratibu kama mjusi anayeingia ufani.

Kuifunga ile ncha ilikuwa kazi ya nani? Msinihoji kama mahakamani.

Mtu mwenye akili zake angepiga kelele hapo hapo. Mimi nilijipangusa mikono, nikasema, "Imeshika."

Tukateremka, maji yakitufika mapajani. Mzee akatunawisha kwa kopo, tukaketi mkekani. Kulikuwa na ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, ukiumega unabaki na alama za vidole. Kulikuwa na ngege aliyechemshwa kwa nyanya na chumvi, basi, na ukionja ule mchuzi ndipo unajua kuwa samaki tunaokula mjini Kisumu ni msafiri aliyechoka. Mzee akachagua kichwa kikubwa kuliko vyote, akaniwekea mbele. "Nahodha ndiye mwenye kichwa," akasema. Nikala jicho la kwanza kwa unyenyekevu.

Wenzangu walikuwa wamelipa ziwa mgongo. Mimi peke yangu nililielekea. Nikaona mashua imesogea. Nikajiambia ni macho tu. Nikachagua jiwe moja majini la kupimia: mlingoti uko kushoto mwa jiwe. Nikamega tonge, nikachovya, nikatafuna, nikameza. Nikatazama tena. Mlingoti uko kulia mwa jiwe, na mashua imetugeuzia tezi, yaani nyuma yake, inaelekea kisiwa cha Mfangano bila haraka, kama mgeni asiyetaka kusumbua watu kwa kuaga.

Nikacheka mzaha ambao hakuna aliyekuwa ameutoa.

Mzee, bila hata kuinua uso kutoka kwenye sahani, akaniuliza kwa upole, "Wuoda, mwanangu, hiyo mashua yenu mmeiruhusu iende?" Alikuwa bado anaendelea kusema. Mimi nilikuwa nimeshachomoka.

Sasa hapa nipeni nafasi. Jaketi la kujiokoa nilikuwa nalo mwilini, ila mikanda sikuifunga, kwa sababu ya joto na kwa sababu ya picha. Nilipojitosa, mimi nikashuka, jaketi likabaki juu. Likanibana masikio, ulimwengu wote ukawa rangi ya chungwa. Nikapiga maji kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukuwa na nafasi. Kwa nini? Kwa sababu ulikuwa umeshika kichwa cha ngege. Naapa sikujua kama nimekuja nacho, na nilipojua sikukiachia, maana nilipewa kwa heshima.

Mkono mmoja ukifanya kazi, mtu haendi mbele. Anazunguka. Kwa hiyo nikawa nawaona akina mama wa omena, kisha Mfangano, kisha akina mama wa omena, na kila nikirudi nawakuta wameinama zaidi wakijishika mbavu. "Yawa!" mmoja akapaza sauti. "Anamrudisha samaki kwao!"

Watoto wawili wakaja na mtumbwi. Nikanyoosha mkono, ule wa samaki. Wakanipita. Walikuwa wanaifuata mashua. Wakati wa kurudi, wakiwa wameshaifunga nyuma yao, ndipo yule mdogo, wa darasa la tano hivi, akanielekezea kasia na kuniuliza kwa adabu zote, "Mzee, unapanda ama bado unaoga?"

Yaliyobaki ni mafupi. Mtoto yule yule akapiga mbizi mbili, nanga ikapatikana. Nikakopeshwa leso ya mama mmoja wakati suruali inakauka kando ya omena. Jicho la pili nikalila likiwa baridi. Jana nilienda kuulizia dawa ya kichocho, kwa yale maji niliyozungukia.

Ila kuna gugumaji. Asubuhi fungu moja la gugumaji lilikuwa limeondoka ufukweni sambamba na mashua, likapotelea huko mbali. Ilipofika saa nane, upepo ukageuka kama unavyogeuka siku zote, ukaanza kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na lile fungu likarudi lenyewe, polepole, mpaka karibu na miguu yetu. Mzee akalionyesha kwa mwiko.

"Ndiyo nilikuwa nakuambia," akasema. "Ule kwanza, itarudi."

Ametualika tena Jumapili. Ujumbe wenyewe umepitia kwa huyo wa miwani, kwa hiyo sijui kama ni kweli: kichwa cha nahodha kipo, ila safari hii atafungwa kamba yeye kwanza, halafu mashua.