Mwanafunzi Aulizwe Kabla ya Kupewa Kanuni

Katika madarasa mengi, aljebra huanza kwa mwalimu kuandika kanuni ubaoni, kufanya mifano miwili na kuagiza zoezi. Wanafunzi hukariri kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa hubadili alama yake, ndiyo maana wapo wanaopewa 2x = 10 wakaandika x = 10 − 2, kwa kuwa ile 2 imevuka. Kosa hilo si la uvivu, bali ni matunda ya kanuni iliyofika kabla ya swali lake.

Njia ninayoitetea huanza na swali. Wanafunzi wapange njiti za kiberiti zifanye miraba iliyoungana katika mstari mmoja: mraba mmoja unahitaji njiti 4, miwili 7, mitatu 10. Je, miraba 20 itahitaji ngapi? Wapo watakaojibu 80. Mwalimu asiwaambie kuwa wamekosea. Awatake wakokotoe miraba mitatu kwa njia hiyohiyo, kisha wahesabu njiti zilizo mezani. Watapata 12 kwenye daftari na 10 mezani, na hapo atatokea wa kusema kwamba miraba jirani inatumia njiti moja kwa pamoja.

Wakiulizwa juu ya miraba yoyote n, majibu hutofautiana. Mmoja huona njiti moja ya mwanzo, kisha tatu kwa kila mraba: 1 + 3n. Mwingine huhesabu nne kwa kila mraba na kuondoa zilizohesabiwa mara mbili: 4n − (n − 1). Swali linalofuata ndilo lenye uzito: je, hawa wawili wanasema jambo moja? Sasa kufungua mabano kuna sababu. Anayeandika 4n − n − 1 atapata 3n − 1, ambayo kwa mraba mmoja inatoa njiti 2, ilhali mbele yake zipo 4. Atajisahihisha mwenyewe, na alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano haitamsumbua tena kirahisi.

Sisemi wanafunzi waachwe wapapase gizani. Maswali huandaliwa mapema, na mambo ya makubaliano tu, kama kuandika 3n badala ya n3, yaelezwe moja kwa moja.

Nchini Tanzania kuna kikwazo kingine ambacho hatukizungumzii vya kutosha: mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia Kidato cha Kwanza na kutakiwa kufikiri kwa sauti kwa Kiingereza, naye huchagua kunyamaza. Ugunduzi unahitaji kubishana, hivyo naona ni haki vikundi vijadiliane kwa Kiswahili, kisha hitimisho liandikwe kwa lugha ya mtihani.

Mwalimu mwenye darasa kubwa na muhtasari mrefu wa somo hawezi kufundisha kila mada hivi. Aanze na mabano na milinganyo sahili, kwa maana makosa ya huko ndiyo yanayomfuata mwanafunzi hadi Kidato cha Nne.