Asiyejua kabisa huuliza

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema anayebishana kwa sauti ya juu ndiye asiyejua lolote kuhusu jambo lenyewe. Hapo napinga. Asiyejua kabisa huuliza. Anayetusumbua ni yule aliyeonja kidogo. Nimefanya kazi ya mjengo miaka 11, mingi yake Pipeline na Kayole, mitaa ya Nairobi, na sijawahi kubishana kuhusu slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, na mama anayetuletea chai. Nabishana na wenye ploti waliowahi kujenga nyumba moja ya vyumba viwili huko ushago. Mwaka jana mmoja alikuja siku ya tano baada ya kumwaga zege, akachuchumaa, akaigonga slabu kwa kifundo cha kidole, ngo ngo ngo, akatangaza imekauka, tung'oe nguzo za muda zinazoishikilia. Nikamweleza kwamba zege halipati nguvu kwa kukauka bali kwa saruji kushikana na maji, ndiyo maana tunaimwagilia slabu asubuhi na jioni, na nguvu yake kamili huhesabiwa siku ya 28. Akasema alianza kujenga kabla sijazaliwa. Vijana wote kimya, maana yeye ndiye anayelipa Jumamosi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sikung'oa hata nguzo moja. Watu watalala chini ya slabu hiyo, na lile jengo la ghorofa sita lililoporomoka mtaani Huruma usiku wa mvua, Aprili 2016, halijanitoka akilini. Mafundi wenzangu mnaosoma hapa, mtu kama huyo mnamjibuje akaelewa, na kazi isiwaponyoke?