Kiziwi kazini, mkalimani akishaondoka

Ukimuuliza mwajiri wa Nakuru kwa nini hana fundi kiziwi hata mmoja, atakujibu kwa neno moja: gharama. Mkalimani wa lugha ya ishara analipwa, tena si haba. Simlaumu. Mwenye karakana ya watu sita anahesabu mbao, stima na kodi ya nyumba; hata karani hajawahi kumwajiri.

Sheria nayo imempita kando. Ile ya Watu wenye Ulemavu ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 5 ya nafasi. Ila ukipita soko la Kibuye kule Kisumu, au kwenye magereji ya Nakuru, utaona kazi nyingi zimo mikononi mwa watu watano, saba, kumi. Asilimia 5 ya watu saba ni nini? Mkono mmoja?

Ajabu ni kwamba humo humo ndimo viziwi wengi wanamojipatia riziki. Ushonaji na useremala ni kazi za macho na mikono: ukionyeshwa, umefundishwa.

Kwenye kampuni kubwa mambo hugeuka. Siku ya usaili mkalimani yupo, mkataba unatiwa sahihi, picha zinapigwa. Kesho yake hayupo. Msimamizi anatoa maagizo ya asubuhi akiwa ameipa mashine uso na watu mgongo. Saa ya chai watu wananong'onezana nani anahama, nafasi ipi inafunguka, ovataimu iko wapi. Vyeo huanzia hapo kwenye chai, na kiziwi anakunywa yake akitazama midomo. Miaka minane baadaye bado yuko meza ile ile, na bosi anamsifu: "Huyu hana shida, ametulia." Kimya chake kimehesabiwa kuwa kuridhika.

Waajiri wengine husema, basi tutamwandikia, WhatsApp ipo. Hapo wanateleza. Aliyezaliwa kiziwi, lugha yake ni ya ishara, yenye sarufi yake. Kiswahili na Kiingereza amejifunza kwenye karatasi bila kuvisikia hata siku moja. Mpe barua ya kurasa mbili kuhusu likizo, akikwama ataitwa mzito wa kuelewa. Kifungu cha 120 cha Katiba kimeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sawa na Kiswahili na Kiingereza. Imeingia Bungeni kabla ya kufika kwenye chumba cha chai!

Hoja ya waajiri kuhusu usalama ina uzito zaidi. Foklifti ikirudi nyuma inapiga honi, na kiziwi haisikii. Taa za kumeta zinasaidia, vioo pia, na mwenzake wa karibu anasaidia kuliko vyote. Kazi ya kupokea simu haiwezi, tusidanganyane.

Yuko pia mwingine asiyetajwa: aliyeingia kiwandani akisikia vizuri. Kanuni za kelele za 2005 zinaweka mwisho kwenye desibeli 90 kwa saa nane, lakini miaka 20 kando ya mashine ya kusaga haimwachi mtu salama kama hana vizuia sauti. Huyu anaficha. Wenzake wakicheka, naye anacheka. Kifaa cha masikio kinampa afueni nyumbani. Kazini kinakuza na kelele pia.

Kwa maoni yangu, pesa ya kwanza imfundishe msimamizi na wenzake wawili wa meza ishara za kazi yao. Viziwi watanijibu kwamba ishara hamsini si lugha, na wana haki: siku ya kusikilizwa kesi ya nidhamu, au ya kueleza mkataba, mkalimani hana mbadala. Lakini siku hizo zinahesabika, na hata kampuni ya wastani inaweza kuzilipia. Siku nyingine zote ni za mwenye meza ya jirani.

Katika karakana moja ya samani hapa Nakuru, seremala kiziwi alimfundisha tajiri wake namba na majina ya mbao. Siku hizi wanabishana bei kwa vidole mbele ya mteja, na mteja haambulii kitu.