Mwaka Mzima Nimesoma Mimi, Watoto Walinisindikiza

Mimi ni fundi cherehani katika kijiji kimoja cha milima ya Upare, wilayani Same, na ninatamka hadharani kwamba mwaka huu wa 2025 nimehudhuria shule ya msingi kwa bidii kuliko nilipokuwa mwanafunzi wake. Nina watoto wawili pale, kijana wa darasa la tano na binti wa darasa la nne, na wote wawili kengele ya mwisho ikigongwa hurudi nyumbani kucheza. Anayebaki kikaoni hadi giza liingie ni mimi. Siipingi elimu hata kidogo. Ninachopinga ni kuandikishwa upya nikiwa na miaka 43.

Mambo yalianza Januari, mwezi ambao fundi cherehani hupaswa kuwa mfalme. Kwa wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa kibaraza changu kilijaa kitambaa cha bluu na wazazi walioleta vipimo vya watoto wao kwa kamba, kwa viganja, na mmoja kwa maneno matupu: "Fundi, ana ukubwa kama wa yule wa jirani." Nilishona kaptula na sketi mpaka nyayo zikafa ganzi juu ya pedali, na asubuhi ya kufungua shule mtoto pekee aliyesimama mstarini na tundu kwenye makalio ya kaptula alikuwa wa kwangu. Nilimweleza mwalimu wa zamu kwamba mganga hajigangi. Akanijibu kwamba ameelewa, ila mganga huyo asisahau fagio.

Fagio lenyewe ni la chelewa. Huku kwetu ni migomba, tangawizi na ukungu. Mnazi hauoti, na chelewa hupandishwa kutoka tambarare hadi guliono kwa bei ya kitu kilichopanda gari. Hata hivyo orodha ya shule ilitaka fagio la chelewa kwa kila mtoto, jembe lenye mpini, ndoo yenye mfuniko na rimu ya karatasi kwa kila familia. Jembe langu liliondoka na mpini likarudi bila mpini. Ndoo iliondoka na mfuniko, ukarudi mfuniko peke yake. Nilipouliza niliambiwa kwamba vifaa vyote vinatunzwa stoo, na stoo ilipofunguliwa tulikuta mipini minane isiyo na majembe, wala wa kwangu haukuwamo.

Najua yupo atakayenikumbusha kwamba siku hizi elimu ni bila malipo. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ule uliofuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, ninaukumbuka vizuri, kwa sababu siku niliposikia habari zake redioni nilichinja jogoo, na sijawahi kuchinja mwingine kwa furaha ya namna ile. Tangu hapo mchango ni wa hiari, na hiari mimi ninaijua: ni ile ambayo asiyekuwa nayo husomwa jina kwenye mkutano wa kijiji. Hata hivyo, siku nilipokwenda kugomba, mwalimu mkuu aliniketisha akanionyesha hesabu zake. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka; katika hizo, 4,000 ni za vitabu, na 6,000 ndizo zinazotakiwa kununua chaki, kuchapa mitihani ya ndani, kukarabati milango na kuziba kila kinachovuja. Nikagawanya kwa miezi 12 nikapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kwa shilingi 500 mimi zipu sibadilishi. Nilitoka ofisini mle nimepokonywa hasira niliyokuwa nimeitunza tangu siku ya fagio, na hasara kama hiyo hakuna waraka unaoifidia.

Hasira hiyo ilirudi mwezi Machi kwa njia ya vitabu. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 uliingia pia darasa la tatu, ambako binti yangu ndiyo kwanza alikuwa amefika, ukamruka kaka yake aliyekuwa la nne. Hivyo katika nyumba yangu yenye taa moja mna mitaala miwili. Kaka anasoma Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili. Dada, aliye nyuma yake kwa darasa moja tu, anasoma Jiografia na Mazingira, na Historia ya Tanzania na Maadili. Mimi niliyezaliwa katika kabila linalosifiwa kwa kushika fedha mpaka zikaota jasho, nilikuwa nimepanga tangu binti yumo mbelekoni kwamba kitabu cha kaka kitarithiwa na dada, kama sweta lilivyorithiwa. Sasa kitabu hakirithiki, na jioni wakibishana ni yupi anayesoma maadili ya kweli, mimi ndiye mwamuzi.

Hilo lingekuwa dogo kama lingeishia hapo. Chini ya mtaala mpya elimu ya msingi ni miaka sita badala ya saba. Kwa hiyo binti atamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kaka yake atamaliza la saba. Wakati ule mimi na mke wangu tulikwenda kliniki, tukakaa kwenye benchi, tukasikiliza somo la uzazi wa mpango, tukapanga. Tulipopanga sisi, mtaala umepangua. Januari 2028 nitatakiwa kuwa na sare mbili za kidato cha kwanza siku moja, na kwa historia ya kaptula niliyoieleza hapo juu, msomaji anaweza kukisia zitakavyokuwa.

Mwezi Julai, baada ya mavuno, kiliitwa kikao cha wazazi kuhusu chakula cha mchana. Zamani mbiu ndiyo iliyoita watu. Siku hizi inaita simu, na kwa kuwa yangu ni ya kitochi, mialiko huingia kwenye simu ya mke wangu, ambaye hunisomea ile inayonihusu mimi tu na kunyamazia inayowahusu akina mama. Hoja ilikuwa moja: kila mtoto alete debe la mahindi na kilo tano za maharage ili shule ipike makande. Watu hutusingizia Wapare kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili kugharamia kesi ya kuku. Ni uzushi. Katika kikao kile hapakuwa na kuku hata mmoja, palikuwa na maharage tu, na tulikaa saa sita. Mzee mmoja alitaka kujua kama mjukuu wake asiyekula maharage atalipishwa kilo nzima au robo ya mchuzi. Mama mmoja aliuliza, kwa haki kabisa, kwamba mwanawe akiugua siku tatu makande yake hula nani, na je, mlaji huyo atarudisha. Mwingine akasema wanaokaa karibu na shule huenda nyumbani wakala, wakarudi wakala tena, na akawataja kwa majina ya baba zao.

Mimi nilikaa kimya kwa muda mrefu, na laiti ningedumu. Ila nililitazama debe la kupimia lililowekwa mezani nikaona limebonyea ubavuni, na fundi akiona kipimo kilichopinda hupatwa na ugonjwa. Nikasimama. Nikaeleza kwa kirefu kwamba debe lililobonyea kwa ndani huinyima shule, na lililovimba kwa nje humwibia mzazi, kwa hiyo mahindi yapimwe kwa mizani, kilo kwa kilo, na yaandikwe. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji akasema kwamba mtu mwenye jicho kama lile hafai kukaa nyuma, na kwa bahati kamati ya shule ina nafasi wazi ya mzazi mmoja. Mikono iliponyooshwa, wa kwanza ulikuwa wa mke wangu. Papo hapo nikakabidhiwa na kitabu cha stakabadhi, kwa hoja kwamba fundi huandika vipimo kwa hati inayosomeka.

Madaraka mapya hulevya. Katika kikao changu cha kwanza cha kamati nilipendekeza, bila kuulizwa na mtu, kwamba mzazi yeyote asiyetokea kwenye msaragambo wa shule, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, atozwe faini ya shilingi 5,000, bila kujali sababu. Maneno "bila kujali sababu" ni yangu mwenyewe, na yaliandikwa kwenye muhtasari kama nilivyoyatamka.

Kabla sijafika kwenye msaragambo, lazima niliseme la ndiva. Agosti binti yangu alirudi na swali la nyumbani: taja njia ambazo wahenga wa eneo lako walizitumia kuhifadhi maji. Nikamwambia aandike ndiva. Daftari likarudi na alama ya kosa, wino mwekundu, mkubwa, na chini yake maneno "Mzazi afuatilie." Mimi ndiye niliyejibu, kwa hiyo niliyekosa ni mimi. Asubuhi nilikuwa mlangoni mwa darasa na daftari kwapani. Mwalimu ni binti mdogo aliyepangiwa huku kutoka Kanda ya Ziwa, mahali ambapo maji yako mbele ya macho hadi upeo na hakuna aliyewahi kuhangaika kuyafungia. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo baba," akasema amelitafuta neno hilo katika kitabu hakuliona. Nikamweleza kwamba ndiva ni bwawa la mawe na udongo ambalo babu zetu walilijenga mlimani: maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, na asubuhi huzibuliwa yakateremka kwa mfereji hadi mashambani, kila ukoo kwa zamu yake. Nikamwambia pia kwamba msaragambo ulikuwepo kabla shule haijakuwepo, kwa kuwa ndiva haijisafishi yenyewe.

Nilitarajia aniombe radhi tuachane. Badala yake macho yalimng'aa. "Baba, basi Ijumaa utatupeleka, ulieleze darasa zima hukohuko." Ijumaa nilipanda mlima nikiwa mbele ya watoto 58 waliopaswa, kwa viwango, wasizidi 45, na kila mmoja wao alitaka kuwa wa kwanza kutumbukiza kiatu. Nilipotezewa viatu viwili, ambavyo si vyangu lakini nimeambiwa nivitafute. Nilipomaliza maelezo nikauliza kama kuna swali. Mkono mmoja ulinyooshwa: "Shikamoo Fundi. Kwa nini mgongo wa koti lako umefumuka?" Kosa la binti yangu lilifutwa likawa vema. Mimi sikupewa alama yoyote.

Sasa msaragambo. Kiwango kinachotakiwa ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na yetu yalikuwa yakihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kiasi kwamba wakati wa mapumziko foleni ilikuwa ikigongewa kengele ya kurudi darasani kabla haijafika katikati. Hapo sina mzaha. Mtoto wa kike anayeshinda nyumbani kwa sababu ya foleni ya choo ni aibu yetu sote. Tulikubaliana kuchimba wenyewe. Baba yangu naye alichimba palepale miaka ya sabini, enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, walipojenga darasa la kwanza la shule hii, na alikuwa akituambia kwamba mlima ule ni udongo laini. Alikosea, au walichukua udongo wote wao wakatuachia sisi mwamba. Tatizo jingine la kuchimba choo ni kwamba shimoni huingia mtu mmoja, na wengine kumi na tisa hubaki juu wakishauri. Jumamosi mbili mfululizo aliyekuwa chini ni mimi, kwa kuwa mjumbe wa kamati lazima aonyeshe mfano, na sururu iliniachia mikono ambayo sindano ilikuwa ikiteleza humo kama samaki.

Jumamosi ya tatu iliangukia wiki ya mahafali ya darasa la saba, waliokuwa wamemaliza mtihani wao mwezi huohuo wa Septemba. Kamati iliniagiza nishone vitambaa vya meza kuu na pazia la jukwaa, kwa kuwa mgeni rasmi hawezi kuketi mbele ya ukuta mtupu. Nilishona Ijumaa usiku, nikashona Jumamosi asubuhi, na wakati huo huko shimoni majina yakaitwa. Langu halikuitikiwa.

Nilikata rufaa; nisingekata, ukoo ungenishangaa. Kamati ilipoketi, mwenyekiti alisema kwamba mtuhumiwa hawezi kujijadili, nikatolewa nje. Nilipotoka akidi haikutimia, nikarudishwa ndani ili kikao kiwe halali, na nikiwa ndani kwa ajili ya uhalali huo nilisomewa muhtasari wangu mwenyewe, pamoja na yale maneno "bila kujali sababu". Nilitiwa hatiani kwa kauli moja. Kwa kuwa mikono ilihesabiwa haraka, nina hofu kwamba na wa kwangu ulikuwamo.

Faini nimeilipa jana, mke wangu akishuhudia. Kitabu cha stakabadhi kiko kwangu, hivyo nilijiandikia mwenyewe, nikatia sahihi mahali pa mlipaji, nikatia sahihi nyingine mahali pa mpokeaji, kisha nikaipeleka ofisini. Leo asubuhi ujumbe umeingia kwenye simu ya mama watoto: sahihi hizo mbili hazifanani, na Jumatatu saa tatu ninatakiwa nifike nieleze ni ipi kati ya hizo iliyo ya kwangu.