Mwuza Kuni Aliyeichukua Chicago

Anton Cermak, aliyekuwa meya wa Chicago, akitajwa, wengi hukimbilia Miami, kwenye risasi iliyomuua. Mimi hurudi kwenye mkokoteni wake wa kuni, maana naamini umeya wake ulianzia hapo.

Alizaliwa Kladno, Bohemia, nchi ya Wacheki, mwaka 1873, akavushwa bahari angali mtoto mchanga. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, na Anton naye akaingia mgodini huko Braidwood, Illinois, katika umri wa kukaa darasani. Alipofika Chicago alijitafutia farasi na mkokoteni, akauza kuni katika mitaa ya Wacheki wenzake. Baadaye ikaja biashara ya nyumba na viwanja, kisha benki. Lakini mwuza kuni hugonga kila mlango. Humjua aliyefiwa, aliyekosa kazi, na anayelipa kwa wakati. Elimu hiyo hakuna chuo kinachoitoa.

Wakati wa marufuku ya pombe aliwaongoza wahamiaji walioipinga. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, mimi simlaumu. Kwa Wacheki na Wajerumani wa Chicago, ukumbi wa bia ulikuwa mahali pa kukutana na kusikia lugha ya nyumbani.

Mwaka 1931 aligombea umeya dhidi ya William Hale Thompson, aliyekuwa madarakani. Thompson alilikejeli jina lake la kigeni na ule mkokoteni. Cermak akajibu kwamba ni kweli hakuja na Mayflower, ile meli ya walowezi wa 1620, ila alikuja mapema kadiri alivyoweza. Nalipenda sana jibu hilo. Hakuomba radhi kwa asili yake wala hakujifanya mwenyeji wa tangu enzi. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwaweka chini ya mwavuli mmoja Wacheki, Wapolandi, Wayahudi, Wajerumani na Waitalia, katika chama cha Democratic kilichokuwa kimeshikwa na Waairishi. Alishinda, na tangu siku hiyo Chicago haijapata meya wa chama cha Republican.

Hata hivyo, mwavuli huo ulikuwa na tundu, nami siwezi kulinyamazia. Wapiga kura Weusi wengi walikuwa upande wa Thompson. Cermak alipoingia ofisini, Weusi wengi waliopewa kazi za jiji na mtangulizi wake walifukuzwa, na polisi wakatumwa kufanya misako katika mitaa yao. Mtu aliyetukanwa kwa asili yake alipaswa kuyajua maumivu hayo kuliko yeyote. Linaniuma kwa sababu namheshimu.

Urithi alioupata nao ulikuwa mzito: hazina tupu, mdororo wa uchumi, walimu waliokaa miezi bila mishahara. Tena katika mkutano mkuu wa chama wa 1932, wa kuteua mgombea urais, alimuunga mkono Al Smith, si Franklin Roosevelt, kwa hiyo ilimbidi kutengeneza uhusiano na rais mteule huku jiji lake likihitaji msaada wa Washington. Ndiyo maana tarehe 15 Februari 1933 alikuwa Bayfront Park, Miami, karibu na gari la Roosevelt, wakati Giuseppe Zangara, aliyetaka kumuua Roosevelt, alipofyatua risasi. Cermak alifariki tarehe 6 Machi, siku mbili baada ya Roosevelt kuapishwa. Barabara ya 22 ikapewa jina lake, jina lile lile alilodhihakiwa nalo.