Kuteremka Mai Mahiu

Jioni nikipaki lori langu Mlolongo, nje kidogo ya Nairobi, vijana wenye leseni mpya huja kunisalimia. Tunakunywa chai, wanauliza nani anaajiri na safari moja analipa ngapi. Sijasikia hata mmoja akiuliza mlima unashukwaje ukiwa umebeba kontena la futi 40. Wadogo zangu, hilo ndilo swali ambalo ningependa mnisumbue nalo usiku kucha, kwa sababu kupanda hakujamuua dereva yeyote ninayemjua. Niliowazika walikuwa wakiteremka.

Mimi nilianza kama tanboi, msaidizi wa dereva. Miaka minne nilikuwa mtu wa kugonga tairi kwa nondo kila tuliposimama. Tairi yenye upepo hulia kavu na nondo hukurukia mkononi. Iliyolegea hunyamaza kama gunia la unga. Mzee aliyenifunza aliniachia usukani mara ya kwanza ng'ambo ya Makindu, kwenye tambarare, alfajiri, barabara nyeupe. Mteremko alininyima kwa mwaka mzima zaidi. Nilinuna sana, nikadhani ananionea.

Siku hizi kijana anatoka shule ya udereva na leseni ya CE, ya lori lenye trela, mfukoni, na wiki ya pili yuko peke yake kwenye Southern Bypass na gari lililojaa. Trela la ekseli 7 huruhusiwa hadi tani 56 kwenye mzani, chuma na mzigo pamoja. Alijifunzia lori tupu. Anafika Gitaru, anapita Rironi, halafu barabara inainama kuelekea Mai Mahiu, mji ulio chini bondeni, Bonde la Ufa lote liko wazi upande wa kushoto, na hakuna aliyemwambia kitakachofuata.

Mimi mlima huo nusura unichukue, safari yangu ya tatu bila mzee. Nilikuwa na vigae vya kwenda Malaba, mpakani na Uganda. Pale juu niliingia na gia kubwa kwa sababu gari lilikuwa linakwenda vizuri na nilikuwa na haraka. Nikakanyaga breki, nikaibembeleza, sikuiachia. Harufu ilifika kabla sijaelewa: kama mpira unaoungua, yenye uchungu wa chuma ndani yake. Kisha kila mara ikabidi niikanyage pedali zaidi ili gari lipunguze mwendo, na sindano ya geji ya upepo unaoendesha breki nayo ikawa inarudi chini. Nilipoona uwazi karibu na vibanda vya wauza ngozi za kondoo, nilikanyaga mara moja kwa nguvu zote zilizobaki na gari likasimama. Tanboi wangu akaruka na jiwe, akakimbia tena na dumu la maji. Dereva mmoja mzee aliyekuwa amepaki hapo akampigia kelele: "Usimwage! Utaipasua dramu!" Tukakaa zaidi ya saa moja tukitazama moshi ukitoka kwenye magurudumu. Mikono yangu haikutulia hadi Naivasha.

Kilichotokea si uchawi. Lainingi, vile vipande vya breki vinavyobana dramu, zikisuguana mfululizo hupata moto, na dramu, lile duara la chuma ndani ya gurudumu, nayo hutanuka kwa joto na kujitenga nazo, na kila ukanyagaji unatumia upepo ambao kompresa, pampu yake, bado haijaurudisha. Ndiyo maana wazee husema mlima uteremke kwa gia ambayo ungeupandia. Gia uichague juu, kabla ya mteremko, kwa sababu katikati utakuwa umechelewa. Iache injini na ekzosti breki, ile inayobana moshi wa injini ili gari lipunguze mwendo, zikushike, kisha breki ya mguu uikanyage kwa nguvu, kasi ishuke, uiachie ipoe.

Sasa niseme lile ambalo wengi wetu tunalizunguka. Kupiga fri. Unatoa gia, gari linateremka lenyewe, mafuta yanabaki, na yanayobaki yanauzwa njiani. Wapo watakaokufundisha hayo kama ujuzi. Ukishatoa gia, injini haikushiki tena na ekzosti breki imekufa. Umebaki na lainingi peke yake. Tumeona Salgaa na Sachangwan, miteremko ya mbele ya Nakuru, zikimeza watu miaka na miaka, na wengi wao hawakuwa hata kwenye lori. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisemi madereva wale walifanya nini, sikuwapo. Nasema kila nikipita pale nashika gia yangu.

Na wenye magari nao wasijifiche nyuma yetu. Tajiri mmoja niliyemfanyia kazi alikuwa akipima mafuta kwa kijiko, kisha anapiga simu usiku kuuliza mbona bado uko Gilgil. Sheria ya trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24. Yeye alitaka Mombasa hadi Malaba kwa pumzi moja. Muguka, yale majani ya kutafuna, itakufumbua macho, lakini akili inalala ikiwa imekaa. Ukiona umepita Mtito Andei na hukumbuki ulivyopita, paki. Tajiri atafoka, mwache afoke.

Mengine utayajua ndani ya mwezi: kutoa maji yaliyojikusanya ndani ya matangi ya upepo kila asubuhi, kuangalia sili ya kontena, kupanga mzigo ili ekseli moja isizidi hata kama jumla iko sawa. Hayo ukiyakosea utapoteza siku na pesa.

Ninachowaomba wenye malori ni kitu kimoja: mpeni dereva mpya miezi michache na mkongwe kando yake, mishahara miwili kwa gari moja. Najua ni gharama, nimeisikia hesabu hiyo mara nyingi. Bei ya trela moja lililolala kwenye korongo pia mnaijua.

Jumatano napakia tena bandari kavu ya Embakasi. Kijana mmoja wa Mlolongo atakaa kiti cha kushoto hadi Malaba, na kurudi tukiwa watupu nitampa usukani kwenye tambarare. Nimemwambia tukifika Rironi aizime simu na asikilize injini.